Hapana za Aina Mbili

Andoany, Alhamisi baada ya alasiri

Nasoro mwanangu,

Salamu nimeshakupa tangu asubuhi na nyingine utazipata bandarini kesho, kwa hiyo niruhusu nianze na lile nililokudanganya.

Wiki tatu zilizopita uliingia jikoni na karatasi uliyoichapisha. Ulikuwa umekuta tangazo kwenye ukurasa wa mtandao wa watu waliotawanyika kutoka Mahajanga. Binti mmoja anamtafuta Shamsia, aliyekuwa akiunganisha simu Mahajanga katikati ya miaka ya sabini, mtoto wa Mama Zainaba wa mtaa wa Mahabibo. Ukaniuliza, "Mama, wewe si ulifanya kazi ya simu kule? Huyu unamjua?" Nikakujibu, "Hapana. Hapakuwa na mtu wa jina hilo." Kisha nikaendelea kuchambua mchele, na wewe ukaikunja karatasi ukaitia mfukoni.

Shamsia ni mimi. Anayemtafuta ni binti wa dada yangu.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu kuona kama inaeleweka. Inaeleweka. Nisiyeeleweka ni mimi, na sina uhakika kwamba mpaka mwisho wa barua hii nitakuwa nimejielewa. Nakuandikia kwa Kiswahili cha bibi yako, aliyezaliwa Unguja akaja kuolewa Mahabibo, kwa sababu katika nyumba hii, ukishaondoka, hakuna atakayekisoma. Shangazi zako wakiikuta karatasi hii watadhani ni dua na wataiweka mahali pa heshima. Mambo ya chandarua na dawa ya tumbo nawaachia wao. Wamekwisha kukufungia mzigo mzima wa maonyo.

Kesho unakwenda Mahajanga kushika mtandao wa zahanati. Utazipa mashine anwani, utazipa majina, na utatunza ile saraka yenye watumishi wote na kila kitu wanachoruhusiwa kukifungua. Kazi hiyo umenieleza mara nyingi hapa mezani, na ukadhani sielewi kwa sababu ya uzee. Baadhi sikuelewa kweli. Mengine niliyaelewa upesi mno.

Unakumbuka siku ya vikombe? Ulisema, "Mama, mashine hazijui majina. Zinajua namba. Majina ni kwa ajili yetu sisi."

"Kwa hiyo jina ni uongo?"

"Si uongo. Ni... ngoja." Ukaleta masinia mawili, ukapanga vikombe juu yake. Ukasema kila kikombe ni mashine na kila mashine ina namba. Sehemu ya mwanzo ya namba inasema sinia gani, sehemu ya mwisho inasema kikombe gani juu ya sinia hilo, na kuna namba nyingine pembeni ya kuonyesha sehemu ya mwanzo inaishia wapi. Kikombe kikitaka kusema na jirani yake wa sinia moja, kinasema naye moja kwa moja. Kikitaka wa sinia lingine, kinampa ujumbe yule wa mlangoni, ruta, naye ndiye ajuaye njia.

Mimi nikachukua kikombe cha sinia la kwanza nikakihamishia la pili. "Na huyu?"

"Huyo anapewa namba mpya, Mama. Hawezi kukaa kwa watu na namba ya kwao. Jina lake linaweza kubaki lile lile, ila lazima mtu aandike kwenye orodha kwamba jina hili sasa liko huku."

"Na asipoandika?"

"Basi kimepotea. Kipo, kinafanya kazi, ila hakuna atakayekifikia." Ukacheka. Mimi nikatoka nje kuanua nguo, nguo zilizokuwa zimekauka tangu adhuhuri.

Sasa nikuambie kwa nini.

Ofisi niliyofanya kazi Mahajanga ilikuwa na ubao wa simu wa kuchomeka nyaya kwa mkono. Mtu anapiga, taa inawaka, unamuuliza anamtaka nani, unachomeka. Tulikuwa na kitabu kikubwa cha simu kilicholetwa kutoka mji mkuu, na ndani yake mlikuwa na majina ya wenye simu tu. Mahabibo wenye simu walikuwa wachache: maduka, daktari mmoja, mzee mmoja wa vitambaa. Lakini waliotafutwa walikuwa Mahabibo nzima. Na Mahabibo, kama ujuavyo, mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake. Anaitwa kwa mwanawe wa kwanza. Nani angemkuta Mama Zainaba katika kitabu kilichochapishwa mji mkuu?

Kwa hiyo nilikuwa na daftari. La shule, jalada la bluu. Nilianza kuliandika wiki ya kwanza ya kazi bila kuambiwa na mtu, na baada ya miaka mitatu lilikuwa na mtaa mzima: mtu anavyoitwa nyumbani, duka lililo karibu naye, namba ya duka, na nani wa kupazia sauti uani. Soazara, mwenzangu wa kiti cha pili, Msakalava wa hapo hapo, alikuwa hajisumbui kutafuta.

"Nipe Mama Zainaba!" mtu anapiga kelele kutoka Moroni, kule Komoro, sauti imejaa mchanga.

"Bwana, Mahajanga ina akina Mama Zainaba kama ilivyo na kaa," Soazara anamjibu. "Wa wapi?"

"Mnene!"

"Wote wanene, wanaume wembamba ni nyinyi. Ngoja nikupe Shamsia, yeye ndiye anayewahesabu."

Na mimi nampata, kila mara. Nisikufiche, Nasoro, nilijivuna. Nilitembea mtaani kama mtu anayezijua nyumba zote kwa ndani, na kweli nilikuwa nazijua.

Halafu zikaja siku zile. Umezisikia kwa wengine, na waliokusimulia wanajua zaidi yangu, kwa sababu mimi niliona ukuta tu. Watu wetu, wenye asili ya Komoro, walishambuliwa. Soazara alitutoa, mimi na mama yangu, akatupeleka kwa jamaa zake kijijini Antsanitia, tukakaa chumba cha nyuma siku kumi na moja. Tuliporudi mjini Mahabibo ilikuwa na mapengo. Waliosalia walikuwa wakipelekwa Komoro kwa ndege na kwa meli. Dada yangu Zainaba alikuwa ameshakwenda, na mume wake, na mtoto tumboni. Hatukuagana. Mama hakuweza kusafiri. Kifua chake kilikuwa kimeziba. Tukakaa kwa Soazara, uani, na Soazara akanipa jina la binamu yake aliyekuwa amefariki, Zafisoa, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Mkuu wetu wa kazi alijua, akafumba macho, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuuendesha ubao ule.

Nikarudi kitini. Simu kutoka Moroni zikaanza kumiminika. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, nalo ni kosa la mtu anayeipenda kazi yake. Nililiamini daftari. Mtu anamtaka mke wake, daftari linasema duka fulani, nachomeka. Duka lipo, namba ipo, simu inalia. Anayeipokea ni mgeni aliyeingia dukani wiki iliyopita. Mmoja alisema kwa upole kwamba hawajui waliko. Mwingine alicheka, akamwambia yule mume maneno nisiyoyaandika, na mimi nimeushika waya mkononi nasikiliza. Utadhani nilikoma. Kesho yake nikamuunganisha mtu mwingine na duka lile lile. Nilikuwa nimepita mbele ya duka hilo asubuhi, nikaona mlango una rangi mpya. Macho yaliona, mkono ukafuata daftari.

Uliponiambia kwamba katika mtandao wenu kila jibu hupewa umri wake, kwamba mashine ikishauliza jina fulani liko wapi hulikumbuka jibu kwa muda uliowekwa tu, kisha hulisahau kwa makusudi na kuuliza upya, nilitaka kukuuliza ni nani aliyelifikiria hilo. Nilitaka kujua kama naye aliwahi kumuunganisha mtu na duka lenye mlango wa rangi mpya. Nikakuuliza badala yake kama unataka chai.

La pili ndilo nisilolielewa mpaka leo.

Akaja mtu ofisini. Kijana mstaarabu, shati safi, kofia mkononi. Alisema amesikia kuna daftari la watu wa Mahabibo na mahali wanapopatikana. Alisema anawakusanya waliojificha ili wapandishwe meli salama kabla haijaondoka. Sikujua kama ni kweli. Uso wake haukuniambia chochote. Nikamwambia daftari liko nyumbani, aje kesho. Siku hiyo hiyo saa ya chakula cha mchana nilikwenda uani kwa Soazara, nikalichana kurasa kwa kurasa nikalitia katika jiko la makaa, chini ya sufuria ya maharage. Mama alikuwa amekaa pale anakohoa. Akaniuliza ninachoma nini. Nikasema karatasi za kazi.

Yule mtu hakurudi. Miaka mingi baadaye mtu mmoja hapa Andoany aliniambia alimfahamu, na kwamba kweli alikuwa akikusanya watu wa meli na aliwaokoa wengi. Mwingine akaniambia hapana, huyo alikuwa na wenzake waliokuwa wakingoja nje. Wote wawili waliapa. Kwa hiyo sijui kama nilizificha nyumba sitini zisipatikane na wauaji au nilizinyima meli. Niliposikia kwamba zahanati itakupa saraka ya watumishi, sikuwaza mashine. Niliwaza kwamba kila orodha ya kumfikia mtu kwa wema ni orodha ya kumfikia tu. Sijui ushauri gani unatoka hapo. Ulisema kuna namna ya kuweka kwamba huyu asome mstari huu na yule asiuone. Mimi sikuwa na namna hiyo. Nilikuwa na jiko.

Sasa fikiria. Daftari limekwisha. Shamsia hayupo tena, yupo Zafisoa. Uliwahi kunieleza kwamba jina linaweza kuandikwa kwa ajili ya kuelekeza kwenye jina lingine tu: anayemtafuta huyu, amuulize yule. Mstari mmoja. Ningeweza kumnong'oneza mkuu wa kazi, au yule msichana mpya aliyeletwa kukaa kiti cha tatu: mtu akimtaka Shamsia, niite mimi. Sikufanya hivyo. Niliogopa mstari huo ungesomwa na mtu nisiyemtaka. Niliogopa pia, nadhani, kulitamka.

Miezi miwili baadaye nililala na homa siku moja. Nilipoingia kazini kesho yake, yule msichana mpya alikuwa anakunywa kahawa.

"Jana kulikuwa na mwanamke wa Moroni," akasema. "Msumbufu kweli. Anamtaka Shamsia, mara anamtaka Mama Zainaba. Nimekipekua kitabu kizima, hayumo. Nikamwambia hakuna mtu wa jina hilo."

Soazara, ambaye jana hakuwa na zamu, alinitazama. Mimi nikauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Akasemaje?"

"Akauliza, 'Hakuna kabisa?' Nikamwambia kabisa."

"Ulichukua namba yake?"

"Namba ya kibanda cha posta? Wee Zafisoa, nani anaandika namba ya kibanda?"

Simlaumu. Alitafuta palipotakiwa kutafutwa. Mimi nilikuwa nimelala mitaa miwili kutoka pale, na mama yangu, aliyekuwa akiulizwa, alikuwa amekaa uani anakunywa uji.

Mwezi uliopita ulinieleza kwamba mashine inayoulizwa jina ina hapana za aina mbili. Moja inasema: nimeuliza kwa mwenye habari, na jina hilo halipo duniani. Nyingine inasema: sikupata jibu, jaribu tena baadaye. Ukasema kuwa mwanafunzi asiyezitofautisha atahangaika usiku na mchana, na kwamba ile ya kwanza ni hatari zaidi, kwa sababu aliyeipokea huikumbuka na haulizi tena. Ulikuwa unakula wakati unasema. Mimi niliweka kijiko chini. Zainaba alipewa ile ya kwanza, na iliyostahili ilikuwa ya pili. Nilisikia baadaye kwamba alitusomea hitima sote wawili.

Mama alifariki masika hayo hayo, hajaambiwa kwamba simu ilipigwa. Nilijiambia namkinga asisononeke. Huenda nilijikinga mwenyewe. Nilipeleka barua mbili Moroni kwa jina la Zainaba. Hazikurudi wala hazikujibiwa. Nikaja huku Nosy Be kwa kazi ya simu, nikaolewa na baba yako, aliyejua yote na akanisitiri mpaka alipokufa. Kila mwaka uliopita ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi, na sijui kueleza zaidi ya hapo. Mtu akishahesabiwa amekufa, kuna raha fulani ya kutoulizwa kitu. Nisamehe kwa neno hilo, lakini nimelitafuta lingine sikulipata.

Ndiyo maana uliponijia na karatasi, mdomo ulitoa ile hapana mbaya bila kuniuliza. Nilikupa wewe, mwanangu, kitu kile kile alichopewa dada yangu.

Leo asubuhi, ulipokwenda kutafuta tiketi, niliitoa karatasi katika mfuko wa suruali yako. Nilikwenda pale kwenye saiba, kile kibanda cha mtandao cha karibu na soko, kwa yule binti anayeniita Dady kama wanavyoita bibi zao.

"Dady, unataka kumwandikia bwana?" akanitania.

"Bwana wangu hana anwani siku hizi," nikamwambia. "Nifungulie tu."

Nikamwandikia yule binti wa dada yangu mistari miwili: mimi ni Shamsia, niko hai, niko Andoany. Sikutegemea chochote. Nikanunua samaki, nikarudi kuangalia, na jibu lilikuwepo. Zainaba yu hai. Alirudi Mahajanga miaka sita iliyopita kumfuata bintiye, anakaa Mahabibo, nyuma ya soko, na maelekezo ya nyumba yamo. Kisha sentensi moja: "Mama anauliza kitu kimoja tu: nani alimwosha mama yenu?"

Nilidhani ananipima. Uliniambia kwamba jina peke yake halimfungulii mtu mlango, kwamba seva itakudai kitu anachokijua mwenye jina tu. Nikakaa pale najaribu kukumbuka jibu sahihi, jibu analolitaka yeye, kama mtoto mbele ya mwalimu. Yule binti wa saiba akasema, "Dady, dakika zako zinakwisha." Ndipo nikaelewa. Zainaba hana jibu la kulinganisha na langu. Hakuwepo. Hakuna aliyekuwepo. Hanipimi hata kidogo. Ni swali amekaa nalo miaka thelathini na ushee, na hakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa aliyelijua alikuwa amekufa.

Sikuweza kulijibu kwa kuchapa, na yule binti amesimama nyuma ya bega langu. Nimelifunga nikarudi nyumbani. Mimi mwenyewe sijaweza kusema nitakuja lini Mahajanga. Miguu haijakubali. Lakini wewe unafika Jumamosi, na maelekezo ya nyumba nimeyaandika nyuma ya karatasi ya mwisho.

Nenda kabla ya kwenda zahanati. Mwambie nilimwosha mimi. Mwambie hapakuwa na mwanamke wetu mwingine aliyesalia mtaani, kwa hiyo Soazara ndiye aliyenimiminia maji, kichwa amekifunika, na kila hatua nilimwambia la kufanya naye akalifanya. Si Mwislamu, na sijui mpaka leo kama ilifaa. Sijawahi kumuuliza mwanachuoni, kwa sababu ingebidi kwanza nimwambie mimi ni nani. Mwambie maji niliyachemsha yakawa vuguvugu, na nywele nilizisuka mikia mitatu nikazilaza nyuma. Mwambie mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja na nilikaa nao muda mrefu mpaka ukanyooka.

Mwambie hayo ukiwa bado umesimama mlangoni. Akitaka kukukaribisha, awe anajua anamkaribisha mtoto wa nani.

Mama yako,
Shamsia